Titi Linapotoa Kuliko Mtoto Anavyohitaji

Mama aliyejifungua karibuni katika mji wa Tunduma, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, hupewa mashauri mengi ambayo karibu yote yanaelekea upande mmoja, yaani namna ya kuyafanya maziwa yawe mengi. Huandaliwa uji wa ulezi uliotiwa karanga, hupewa supu na chai ya tangawizi, hukandwa kwa maji ya moto na mama yake au mkwe wake, na akifika kliniki huambiwa anyonyeshe mara kwa mara ili maziwa yasipungue. Mashauri hayo yana msingi wake, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 tu ya watoto wa umri chini ya miezi 6 nchini walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee, na miongoni mwa sababu zinazotajwa sana na wazazi wanaoanza kutoa uji au maji mapema ni hofu kwamba maziwa hayatoshi. Lakini lipo kundi la akina mama ambalo mashauri hayo hayalisaidii, na pengine hulizidishia taabu: wale ambao matiti yao hutoa maziwa mengi kuliko mtoto anavyoweza kunywa.

Hali hiyo, ambayo katika makala haya itaitwa maziwa kuzidi, haimpati kila mama anayelowanisha nguo kifuani. Ni hali ya matiti kuendelea kwa wiki kadhaa kutoa maziwa yanayopita mahitaji ya mtoto mwenye afya anayekua vizuri, hadi mama au mtoto akapata usumbufu kwa sababu hiyo. Haizungumzwi sana, na si vigumu kuona kwa nini: katika jamii ambamo wingi wa maziwa huhesabiwa kuwa baraka, mama anayelalamika kwamba anayo mengi mno huonekana kama asiye na shukrani, naye hunyamaza, akabadilisha khanga mara nyingi kwa siku na kuvumilia maumivu ambayo hakuna aliyemwambia kwamba yana jina na yana tiba.

Hakuna idadi moja ya mililita inayokubaliwa na wote kuwa mpaka kati ya maziwa ya kutosha na maziwa yaliyozidi, kwa kuwa watoto wenyewe hutofautiana. Watafiti wa Perth, nchini Australia, waliochapisha matokeo yao mwaka 2006 baada ya kuwapima akina mama 71 waliokuwa wakinyonyesha watoto wa mwezi 1 hadi miezi 6, waliona kwamba mtoto kwa wastani alikunywa takribani mililita 788 kwa siku, lakini aliyekunywa kidogo zaidi aliridhika na mililita 478 na aliyekunywa zaidi ya wote alifikisha 1,356, na wote walikuwa wakikua vizuri. Waliona pia kwamba mtoto hamalizi titi, bali kwa kawaida hunywa karibu theluthi mbili ya maziwa yaliyomo na kuacha yanayobaki. Kwa hiyo mama mwenye maziwa ya kumshangaza jirani yake anaweza kuwa hana tatizo lolote ikiwa mtoto wake ni mnywaji mkubwa, na mama wa mapacha anaweza kuuhitaji wingi ambao kwa mama wa mtoto mmoja ungekuwa mzigo.

Ili kuelewa jinsi maziwa yanavyoweza kuzidi, inafaa kujua kwanza kinachoyaanzisha na kinachoyaendesha. Wakati wa ujauzito matiti huwa tayari yana maziwa ya mwanzo, yale mazito yenye rangi ya njano, lakini homoni ya projesteroni, ambayo ni kemikali inayosafiri katika damu kutoka kwenye kondo la nyuma, huyazuia yasitoke kwa wingi. Kondo linapotoka baada ya kujifungua, kizuizi hicho huondoka, na homoni nyingine iitwayo prolaktini, inayotengenezwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hupata nafasi ya kufanya kazi yake, ndipo kati ya siku ya 2 na ya 4 mama anaposema kwamba maziwa yameshuka. Hatua hii ya kwanza huendeshwa na homoni pekee, hivyo humpata hata mama ambaye mtoto wake hajashika titi. Homoni ya tatu, oksitosini, huyaminya maziwa kutoka ndani na kuyapeleka kwenye chuchu pindi mtoto anaponyonya, na wakati mwingine hata mama anapomsikia mtoto akilia chumba cha pili.

Baada ya siku hizo za mwanzo usimamizi hubadilika, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kuanzia wakati huo titi hutengeneza maziwa kulingana na yanayotolewa, kama mwenye duka anayeagiza bidhaa kwa kutazama mauzo ya wiki iliyopita: maziwa yakitoka sana, seli zinazoyatengeneza huongeza kasi, na yakibaki ndani, kemikali zilizomo katika maziwa yenyewe pamoja na mkazo wa titi lililojaa huzipunguzia seli hizo kasi. Kila titi hujisimamia, ndiyo maana mtoto anayependelea upande mmoja huweza kuliacha titi la pili likapungua huku la kwanza likiendelea kama kawaida. Mpango huu huchukua muda kutulia, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na si neno la kupita kusema kwamba desturi ya arobaini, inayomweka mzazi nyumbani karibu na mtoto wake kwa muda kama huo, inalingana vizuri na mahitaji ya mwili katika kipindi ambacho titi na mtoto wanajifunza kuelewana.

Kutokana na hayo inaonekana wazi kwamba mama ambaye matiti yake yamekuwa magumu, yenye joto na maumivu siku ya 3 au ya 4 baada ya kujifungua hana budi kuhesabiwa kuwa na matiti yaliyojaa, jambo la kawaida la mpito ambalo huchangiwa na uvimbe wa damu na majimaji mwilini kama linavyochangiwa na maziwa. Dawa yake ni mtoto anyonye mara nyingi, mara 8 hadi 12 kwa siku, na mama akamue kidogo tu ikiwa eneo jeusi linalozunguka chuchu limekaza kiasi cha mtoto kushindwa kulishika. Mama huyu akishauriwa kupunguza maziwa katika wiki ya kwanza anaweza kujikuta baada ya mwezi hana ya kutosha. Kosa hili la kuchanganya kujaa na kuzidi lina madhara makubwa kuliko maziwa kuzidi kwenyewe, na kwa hiyo kila hatua ya kupunguza inayoelezwa hapa chini inamhusu mama aliyekwisha kuvuka wiki za mwanzo, au ambaye mkunga amemchunguza na kuthibitisha.

Dalili kwa mama ni matiti yasiyopungua hata baada ya kunyonyesha, maziwa yanayovuja kwa wingi mchana na usiku, maumivu makali kama ya kuchomwa wakati maziwa yanaposhuka, chuchu zenye michubuko, pamoja na vivimbe vinavyojirudia pale njia za maziwa zinapobanwa. Kwa mtoto dalili hupotosha zaidi. Maziwa humjia kwa kasi asiyoiweza, naye hupaliwa, hukohoa, huachia titi na kulirudia huku akilia, au huibana chuchu kwa fizi ili kupunguza kasi, na mama huona kama mtoto analikataa titi. Aidha, kwa kuwa maziwa yanayotoka mwanzoni mwa kunyonya huwa na mafuta machache kuliko yanayotoka baadaye titi linapoelekea kupungua, mtoto anayeshibishwa na yale ya mwanzo kutoka matiti yote mawili hupata sukari nyingi ya maziwa, iitwayo laktosi, bila mafuta ya kutosha kupunguza mwendo wake tumboni. Laktosi isiyomeng'enywa yote huchacha katika utumbo na kuleta gesi, na mtoto hujinyonganyonga, huharisha kinyesi cha kijani chenye povu, kisha hutaka kunyonya tena baada ya muda mfupi.

Picha hiyo ya mtoto anayelia, anayejinyonga, anayeharisha kijani na anayetaka titi kila mara ndiyo hasa ambayo nyumba nyingi huisoma kinyume. Wapo watakaosema maziwa hayamtoshi na kuanza kumpa uji mwepesi. Wapo watakaosema ana chango na kumpa dawa za mitishamba, na wapo watakaosema kwamba amebemendwa, wakimaanisha kwamba wazazi wake wameikiuka miiko ya unyumba wakati wa kunyonyesha, tuhuma ambayo humwongezea mama aibu juu ya uchovu alionao. Si haki kuwalaumu wazee wanaosema hivyo, kwani wanajaribu kueleza wanachokiona kwa maarifa waliyorithi, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye chakula kingi mno hupewa chakula kingine juu yake, na wakati mwingine mtungi wa dawa ambao hakuna ajuaye kipimo chake.

Kinachoweza kukata ubishi ni mizani ya kliniki. Mtoto asiyepata maziwa ya kutosha haongezeki uzito inavyotakiwa na hukojoa mara chache, ilhali mtoto ambaye mama yake ana maziwa kuzidi mara nyingi huongezeka haraka kupita wenzake, pengine mara mbili ya gramu 20 hadi 30 kwa siku zinazotarajiwa katika miezi ya mwanzo, na hulowanisha nepi 6 au zaidi kwa siku bila shida. Mwongozo wa huduma baada ya kujifungua nchini humtaka mama na mtoto waonekane ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42, na mahudhurio hayo yakifuatwa, kadi ya mtoto itakuwa na alama za kutosha kuonyesha mstari unaelekea wapi. Wapo watoto wachache ambao kwa kushindwa kustahimili kasi ya maziwa huongezeka polepole ijapokuwa mama ana maziwa tele, na hao ndio wanaohitaji jicho la mtaalamu mapema zaidi.

Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa unyonyeshaji, Academy of Breastfeeding Medicine, ilitoa mwongozo kuhusu hali hii mwaka 2020, na ndani yake sababu zimegawanywa kwa namna inayofaa kukumbukwa. Wapo akina mama ambao matiti yao huzidisha bila sababu inayojulikana. Wapo ambao wamesababishiwa na dawa walizopewa, kwa mfano metoklopramidi, ambayo hutumika kuzuia kutapika lakini pia hupandisha prolaktini. Wapo pia, na hawa si wachache, ambao wamejisababishia wenyewe kwa nia njema, kwa kukamua zaidi ya mahitaji. Mara chache sana chanzo huwa uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo, na mama ambaye maziwa yanamtoka kwa wingi huku akiumwa kichwa mara kwa mara au kuona kwa shida pembeni asisubiri mashauri ya nyumbani, bali apelekwe hospitali.

Kundi la wanaozidisha kwa kukamua lina sura yake katika mji kama Tunduma. Mji huu unaishi kwa biashara ya mpakani: malori ya barabara kuu ya kwenda Zambia hupanga foleni kuusubiri mpaka, reli ya TAZARA hupita, na wanawake wengi huuza nafaka, nguo na chakula, wengine wakivuka kwenda Nakonde na kurudi siku hiyohiyo. Mama anayerudi sokoni mapema hukaa saa nyingi mbali na mtoto, matiti yakajaa hadi kuuma, naye akifika nyumbani au akipata faragha huyakamua yote hadi yalegee, kwa kuamini kwamba anayapumzisha. Titi halijui kwamba maziwa hayo yamemwagwa. Hesabu yake ni kwamba yametumika, na kesho yake hutengeneza mengi zaidi. Kukamua mpaka mwisho huleta nafuu ya saa chache na deni la siku nzima, na mzunguko huo ukikolea kwa wiki mbili au tatu, mama hujikuta akikamua kwa ajili ya maziwa yaliyoletwa na kukamua.

Njia ya kutoka ni kupunguza mahitaji polepole, bila kuyakata ghafla. Mama anayekamua apunguze kiasi na idadi ya mara, akitoa yale tu yanayohitajika kuondoa maumivu, na kuliacha titi limejaa kiasi, ili lipate ujumbe wa kupunguza. Wakati wa kunyonyesha, mkao una nguvu kuliko wengi wanavyodhani: mama akiegemea nyuma kwenye mito au ukuta, mtoto akalazwa kifudifudi juu ya kifua chake, maziwa hulazimika kupanda kidogo yanapotoka, na mtoto hupata uwezo wa kuinua kichwa kasi inapomshinda. Mama anaweza pia kumwondoa mtoto kwa muda mfupi maziwa yanaposhuka, akaacha mruko wa kwanza uishie kwenye kitambaa, kisha akamrudisha. Mtoto acheulishwe mara kwa mara katikati ya kunyonya, na alimalize titi moja kwa utulivu kabla ya kupewa la pili, ambalo anaweza kulikataa bila hasara yoyote.

Hatua hizo zikishindwa baada ya siku kadhaa, ipo njia ya kunyonyesha kwa zamu za titi moja, iliyoelezwa kwa kina na mtaalamu wa Uholanzi, Caroline van Veldhuizen-Staas, mwaka 2007. Katika njia hii matiti yote mawili kwanza hukamuliwa kwa ukamilifu mara moja, kisha mtoto ananyonyeshwa, halafu mama huanza kutumia titi moja tu kwa muda maalumu kila mtoto anapotaka kunyonya, tuseme titi la kulia kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha la kushoto kuanzia saa 3 hadi saa 6 mchana, na kuendelea hivyo. Titi linalosubiri hujaa na kupokea ujumbe wa kupunguza, ilhali lile linalotumika huendelea kupungua kila linaponyonywa, hivyo mtoto hupata maziwa yenye mafuta zaidi na tumbo lake hutulia. Titi linalosubiri likiuma, mama akamue kidogo tu. Madaktari wengi hushauri kwamba zamu zitumike mchana, na kwamba usiku mtoto aachwe anyonye apendavyo, kwamba mtoto apimwe uzito kila wiki wakati njia hii inapotumika, na kwamba zamu zikomeshwe mara mama anapopata nafuu, kwa sababu njia yenye uwezo wa kupunguza maziwa yaliyozidi ina uwezo uleule wa kupunguza yanayohitajika.

Kuhusu joto na baridi, mazoea ya nyumbani yanahitaji kurekebishwa kidogo. Kukanda mwili wa mzazi kwa maji ya moto ni desturi inayompa mama faraja, na hakuna haja ya kuivunja, lakini matiti yenye uvimbe hayafai kukandwa kwa nguvu wala kuminywa vivimbe vyake hadi vilegee. Mwongozo wa jumuiya iliyotajwa hapo juu kuhusu uvimbe wa titi, uliorekebishwa mwaka 2022, umeachana na ushauri wa zamani wa kusugua kwa nguvu, kwa kuwa msuguo huo huumiza tishu na kuzidisha uvimbe, nao unapendekeza kitambaa chenye maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye nguo, pamoja na dawa za maumivu kama ibuprofeni au parasetamoli, ambazo hazimdhuru mtoto anayenyonya zikitumiwa kwa kipimo cha kawaida. Majani baridi ya kabichi, ambayo Tunduma hayakosekani sokoni, yanawapa nafuu baadhi ya wanawake; ushahidi wake ni mdogo, lakini hayana madhara ya kuogopwa. Kufunga kifua kwa khanga iliyokazwa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kunabana njia za maziwa na kualika uvimbe, na sidiria isiyobana inatosha.

Mama asipunguziwe chakula wala maji ya kunywa kwa matumaini ya kukausha maziwa. Mwili wake utaendelea kuyatengeneza kwa kujinyima wenyewe, na mzazi atadhoofika huku tatizo likibaki palepale. Uji wa ulezi na karanga ni chakula chema kwa mzazi; kinachopaswa kuachwa ni mitishamba na vidonge vilivyokusudiwa mahususi kuongeza maziwa.

Dawa za kupunguza maziwa zipo, ila dirisha la duka la dawa si mahali pa kuziombea. Pseudoefedrini, inayopatikana katika baadhi ya dawa za mafua, ilionekana katika utafiti mdogo wa Australia wa mwaka 2003 kupunguza maziwa ya siku kwa karibu robo kwa dozi moja tu ya miligramu 60, lakini hupandisha shinikizo la damu, na mama aliyekuwa na kifafa cha mimba au presha wakati wa ujauzito anaweza kudhurika. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupunguza maziwa pia, ila mama anayenyonyesha hapaswi kuvitumia kabla ya wiki 6 kwa sababu ya hatari ya damu kuganda, na hata baada ya hapo huhitaji ushauri. Bromokriptini, iliyokuwa ikitolewa kwa wingi zamani kukausha maziwa, iliondolewa katika matumizi hayo nchini Marekani katikati ya miaka ya 1990 baada ya taarifa za kiharusi na matatizo ya moyo. Tukio hilo linatosha kumfanya mtu asiichukulie kwa wepesi dawa yoyote anayopewa na jirani.

Hatari kubwa zaidi ya kuliacha jambo hili bila kushughulikiwa ni uambukizo wa titi. Kivimbe kisichotulia huweza kugeuka sehemu nyekundu yenye maumivu, ikifuatiwa na homa na kutetemeka. Mama mwenye dalili hizo aendelee kunyonyesha, kwani maziwa ya titi hilo hayamdhuru mtoto, lakini zisipopungua ndani ya saa 24, au homa ikiwa kali tangu mwanzo, afike kituo cha afya apewe antibayotiki. Uambukizo usiotibiwa huweza kufanya jipu linalohitaji kutolewa usaha, na mama wa Tunduma anayepewa rufaa ya juu kwenda kitengo cha wazazi cha Meta, jijini Mbeya, ana safari ya zaidi ya kilomita 100 akiwa na mtoto mchanga. Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI uzito wa jambo huongezeka. Nyanda za Juu Kusini ni ukanda ambao maambukizi yamekuwa juu ya wastani wa taifa kwa miaka mingi, na ingawa mama anayemeza dawa zake vizuri anashauriwa kunyonyesha, titi lenye uambukizo au chuchu iliyopasuka huongeza uwezekano wa virusi kumfikia mtoto. Mama huyo asisubiri hata saa 24, na akieleza hali yake kliniki atapewa maelekezo ya titi lipi litumike na lipi likamuliwe na maziwa yake kumwagwa.

Maziwa yanayokamuliwa wakati wa kupunguza si lazima yapotee. Katika joto lisilozidi nyuzi 25 yanakaa salama kwa takribani saa 4, katika jokofu hadi siku 4, na yakigandishwa hukaa miezi kadhaa. Mama wa Tunduma, kwenye baridi ya uwanda wa juu, ana nafasi kubwa ya kuufuata muda huo kuliko mwenzake wa Kamsamba, katika joto la bonde la Ziwa Rukwa, ambaye inampasa ayatumie mapema zaidi. Kumpa mtoto wa jirani ni ukarimu wa zamani unaohitaji tahadhari mpya, kwa kuwa maziwa hupitisha virusi na baadhi ya dawa, na kwa familia za Kiislamu kunyonya huko kunaweza kujenga undugu unaozuia ndoa. Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilianzisha benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ambamo wachangiaji hupimwa na maziwa hupashwa joto la kuua vijidudu kabla ya kupewa watoto njiti. Huo ndio utaratibu unaofaa kwa wingi wa namna hii, ila kwa mama wa Tunduma uko mbali mno.

Mwajiriwa ana unafuu fulani, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ya kazi. Mwenye meza ya vitunguu sokoni hana mwajiri wa kudai kwake. Halmashauri inayojenga au kukarabati soko katika mji wa mpakani ingefanya jambo la maana kwa kutenga chumba chenye maji na mlango unaofungika, ambamo mama ataletewa mtoto anyonyeshe badala ya kusubiri hadi jioni.

Na kwa wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, ombi ni dogo: pale wanapomuuliza mzazi wa siku ya 7 au ya 28 kama maziwa yanatosha, wamuulize pia kama yanamzidi, kisha wamtazame akinyonyesha walau kwa dakika chache kabla ya kumpa jibu.